Shangazi, aliyekuwa anafunga mlango ni mimi

Shangazi, shikamoo.

Najua huenda hatupishani sana kwa umri, lakini kila anayekuandikia anakuita shangazi, na mimi leo nahitaji shangazi kuliko rika.

Ni katibu muhtasi katika chuo kimoja cha serikali. Mkoa naomba usiutaje hata ukiukisia. Juzi nimetimiza miaka 54. Mume wangu alifariki mwaka 2016, akaniachia watoto wawili. Mmoja yuko kidato cha sita, mwingine amemaliza chuo, kazi hajapata, anaendesha bodaboda ya mtu kwa hesabu ya kila siku. Nimekaa kwenye meza ileile miaka 17, mlangoni kwa mtu yuleyule. Nilimpokea akiwa mratibu wa mitihani mwenye nywele nyeusi, sasa ni mkuu wa idara na nywele anapaka piko.

Kazi yangu ni kuchapa, kupokea barua na kupanga miadi. Kila anayeingia kwake namwandika kwenye kaunta buku: jina, tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Nilifundishwa hivyo Uhazili Tabora na sijawahi kuacha. Wanafunzi wengi huja asubuhi au mchana, wanatatuliwa shida zao, wanaondoka. Lakini wapo mabinti wanaoambiwa waje saa kumi na moja jioni, ofisi za jirani zikiwa zimeshafungwa. Hao nao nawaandika. Akishaingia mmoja wao, bosi hutoa kichwa mlangoni na kusema, "Mama, unaweza kwenda. Nifungie mlango wa nje." Nafunga, nakwenda kituoni kusubiri daladala.

Mwaka 2011 mmoja wao alirudi kesho yake asubuhi. Alisimama mezani kwangu bila kusema neno, machozi yanadondokea kwenye faili. Kisha akaniambia kwamba karatasi yake ya mtihani aliiona kwa macho yake ina 61, ila kwenye matokeo amewekewa 38, na alipokwenda kuuliza aliambiwa mtaka cha uvunguni sharti ainame. Shangazi, nilimjibu hivi: "Mwanangu, funika kombe mwanaharamu apite. Maliza masomo yako uondoke." Nikampa tishu na elfu mbili ya nauli. Moyoni nilijiona nimemsaidia. Mwaka ule alidisko.

Mwaka jana nimekutana naye sokoni, anauza mitumba. Akanipigia goti kama zamani, "Shikamoo mama," akaniuliza hali za watoto, akanichagulia blauzi moja nzuri na pesa akazikataa. Sijaivaa mpaka leo.

Sasa sikia kilichonifanya niandike. Mwezi uliopita binti wa mwaka wa pili amepeleka barua kwa mshauri wa wanafunzi, nakala TAKUKURU. Ametaja tarehe tatu alizoitwa jioni na aliyoambiwa. Mwishoni kaandika: "Mama wa mapokezi aliniona." Kamati imeundwa na nimepewa barua ya wito.

Bosi hakunitisha. Aliniagizia chai na vitumbua, akasema sisi ni familia, tumetoka mbali. Kisha akasema yale madaftari ya zamani yanajaza kabati bure, niyapeleke kwake Ijumaa yachomwe pamoja na makaratasi mengine. Nilipokuwa nasimama akauliza yule kijana wa bodaboda ameshapata kazi, maana kuna nafasi ya msaidizi wa maabara inakuja.

Ofisini wanasema binti amefeli anatafuta pa kutokea. Wanasema tazama anavyovaa. Na mimi nitakuwa mkweli kwako, wapo waliokuwa wakija wakicheka, wamejipulizia marashi, na wakatoka wakicheka. Nikiulizwa hilo nitajibu nini? Dada yangu wa tumbo moja anasema siku ya kamati niumwe. Imebaki chini ya mwaka mmoja nifikishe 55 niombe kustaafu kwa hiari, nichukue mafao yangu nikalime.

Madaftari yapo kabatini, yote, tangu 2008. Niambie niyafanye nini. Na niambie kama nina hatia, maana usiku silali.

Mfunga Mlango

*

Mwenzangu,

Shikamoo yako nimeiitikia shingo upande. Kwa hesabu zangu mimi na wewe tulivaa sketi za shule miaka ileile.

Wasomaji wajue kwamba barua hii niliijibu kwanza kwa simu, siku iliponifikia, kwa kuwa moto wa Ijumaa haukuwa wa kusubiri safu. Madaftari hayakuchomwa. Mwenye barua alimwambia bosi wake kwa adabu kwamba kumbukumbu za ofisi ya umma haziteketezwi bila kibali, kwa hiyo aandike dokezo, alisaini, naye atalifanyia kazi. Mpaka naandika hapa dokezo halijaja. Nimecheka peke yangu nilipopata ujumbe huo. Miaka yote tunaulalamikia urasimu, kumbe upo siku moja unaweza kumkaba koo anayestahili. Na hakudanganya: Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 haimpi mkuu wa idara ruhusa ya kuamua tu kwamba kaunta buku za ofisi zikachomwe nyuma ya jengo. Kuharibu kitu ukijua kinatakiwa kwenye uchunguzi ni jinai, na angekutanguliza wewe uwashe kiberiti.

Nirudie hapa kwa utulivu yale niliyoyasema kwa haraka kwenye simu. Madaftari usiyabebe kwenda nayo nyumbani, hata kama roho inakutuma. Ukiyabeba, kesi itahama mlangoni kwake ije mlangoni kwako, na kamati itajadili katibu aliyetorosha nyaraka. Yaache kabatini, andika barua fupi kwa TAKUKURU useme yapo, yanaanzia mwaka gani, yanaonyesha nini na nani ana ufunguo. Wao wana mamlaka ya kuyachukua, wewe huna. Kama miguu inakuwa mizito kwenda ofisini kwao, namba yao ya bure ni 113. Nakala ya barua yako iweke kwa mtu unayemwamini nje ya chuo, na mtu huyo asiwe dada yako.

Kuhusu ile nafasi ya maabara, sina haja ya kuzunguka. Bosi wako analalamikiwa kwa rushwa ya ngono, naye akaona dawa ni kumpa shahidi rushwa ya ajira. Kijana wako aendelee na bodaboda kidogo. Najua ninavyosema ni rahisi kwangu, si mimi ninayemwombea kila usiku arudi salama.

Sasa nije kwenye yale yasiyosemeka kwa simu.

Watu wakisikia maneno haya, rushwa ya ngono, wanamwona mwanamume mmoja mwenye uchu. Uchu wanao wengi, hata makondakta na wauza genge. Lakini kondakta hawezi kugeuza 61 ikawa 38. Anayeweza ni mwenye kalamu nyekundu, mwenye kupanga ratiba ya saa kumi na moja, mwenye ofisi ambayo jirani zake wamekwisha kuondoka, na mwenye mtu wa kumwambia nifungie mlango wa nje. Kitanzi hicho kilisokotwa kwa nyuzi nyingi, na mmoja uliushika wewe. Uliniuliza kama una hatia. Unao mkono ndani yake. Hautoshani na wake, wala haukaribiani, ila upo, na sitakuita mjinga kwa kukuambia hukujua. Mtu asiyejua haandiki saa ya kuingia na kutoka kwa miaka 17.

Nakuambia haya nikiwa na langu moyoni. Safu hii ilipokuwa changa, aliniandikia mhudumu wa hoteli, binti wa miaka 22, meneja wake anamtaka na asipokubali anapangiwa zamu za usiku peke yake. Nilimjibu kwa busara zote za duniani: linda heshima yako, tafuta kazi kwingine. Wasomaji walinipongeza sana. Ilinichukua miaka kuelewa nilichofanya, kwamba nilimtoa binti mlangoni ili aingie mwingine, na meneja nikamwachia hoteli yake. Sijui alikwenda wapi. Naye hakuniandikia tena.

Funika kombe mwanaharamu apite. Mimi na wewe tumelelewa na msemo huu kama tulivyolelewa na uji. Makungwi wetu walitufundisha siri za ndani zikae ndani, na mengi waliyotufundisha nayaheshimu hadi leo. Lakini walikuwa wakizungumzia ndoa na nyumba, mambo ya watu wawili waliokubaliana. Wapi walipokuambia ofisi ya mkuu wa idara ni chumba cha ndani? Yeye ndiye aliyeigeuza kuwa hivyo, kwa kutumia mafunzo tuliyopewa na mama zetu. Na ule msemo wake wa uvunguni! Wazee walitunga methali ile kumfundisha mtu kujishusha ili apate riziki, akaja mtu na digrii tatu kuitumia kumvua binti nguo. Ningekuwa na uwezo ningemtoza faini ya lugha peke yake.

Mwezi wa pili mwaka 1990 nilikuwa kambini JKT, mujibu wa sheria, nikisubiri kwenda chuo. Zikatufikia habari kwamba mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Levina Mukasa, amejiua. Pale mlimani kulikuwa na kitu kikiitwa Mzee Punch: watu wasiojulikana, wakibandika na kuchora ukutani vikaragosi na matusi dhidi ya watu, na walengwa wakubwa wakawa wasichana waliowakataa wanaume. Levina aliandamwa hivyo, na zaidi ya hivyo, mpaka akakata tamaa. Unajua tulichoulizana kambini, sisi wasichana, tumekaa juu ya vitanda vya chuma? Tuliulizana: kwani alikuwa amefanya nini? Sikumbuki hata mmoja aliyeuliza waliochora ni akina nani. Kwa miaka mingi nimeifikiria Punch ile. Haikuwa na jina kwa sababu haikuhitaji jina. Kulikuwa na mchoraji, kulikuwa na aliyeshika tochi, kulikuwa na mamia waliosimama kusoma wakacheka wakaenda kunywa chai. Na walikuwapo walimu waliopita mbele ya ukuta ule.

Wanawake waandishi wa TAMWA, chama chao kikiwa na miaka mitatu tu tangu kianzishwe mwaka 1987, hawakukubali habari ile ife na msiba. Waliiandika, wakaisema, wakaiunganisha na ubakaji, vipigo na mateso mengine waliyokuwa wakiletewa na wanawake kila siku. Wakaitwa wanaharakati, wavunja ndoa, watu waliosoma wakapotoka. Ilichukua miaka minane. Mwaka 1998 Bunge likatunga Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, ile tunayoiita SOSPA, na ndani yake mna jambo moja ambalo naomba ulibebe ukienda kwenye kamati: kwamba mwanamke hatakiwi kuwa na michubuko ili aaminike kuwa hakuridhia. Na kwenye makosa ya namna hiyo mahakama zetu zinaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mwathirika peke yake, zikiridhika kuwa anasema kweli. Hilo lilisisitizwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2006 katika shauri la Selemani Makumba, iliposema ushahidi wa kweli wa ubakaji sharti utoke kwa aliyebakwa.

Hapo ndipo penye wale wako waliokuja wakicheka. Sheria iliacha kudai michubuko mwaka 1998, sisi mezani bado tunadai machozi. Asiyelia tunamwandika kuwa alikubali. Hebu rudi nyuma kidogo, ulipokuwa katibu wa miaka 24. Hujawahi kumchekea mkubwa aliyekushika kiuno kwenye sherehe ya Mei Mosi? Mimi nimecheka, na nikatoka nikicheka mpaka chooni. Kicheko ni nauli ya kutokea. Wengine walicheka kwa sababu hiyo. Wengine, ndiyo, huenda walikwenda wamepiga hesabu zao, na sitaki kukudanganya kwamba hawapo. Ila anayekwenda kununua anakwenda palipo na duka. Nani alifungua duka la alama pale? Kama binti mmoja anaweza kupata A kwa marashi, basi aliye pembeni yake, anayesoma kwa mshumaa, amekwisha kuwekewa bei bila kuulizwa.

Swali hilohilo liliingia bungeni. Sheria yetu ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, ilimlenga mwenye madaraka anayeidai ngono kama sharti la ajira, cheo, haki au upendeleo. Ilipotungwa iliweka faini isiyozidi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili, na mimi ni katika wanaoiona adhabu hiyo ni ya mwizi wa kuku. Basi mwaka 2024 likaletwa pendekezo la kumtia hatiani pia yule anayemshawishi au kumwahidi ngono mwenye mamlaka. Kwa masikio linapendeza, eti mizani imekaa sawa. Mashirika ya wanawake yakasimama kidete, nayo yalikuwa na hoja ya watu wanaoishi duniani: ukilipitisha hili, kila mkubwa atakayelalamikiwa atajibu kwamba binti ndiye aliyeanza, na binti akijua hivyo hatatoka nyumbani kwao kwenda kulalamika. Kenya nao walilionja. Sheria yao ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 ilikuja na kifungu cha 38, kwamba anayetoa tuhuma za uongo apewe adhabu ya kosa lilelile alilolisingizia. Mtu amebakwa, anafika kituoni, anaambiwa akishindwa kuthibitisha atafungwa yeye. Kifungu kile kiliondolewa mwaka 2012. Uongo ulikuwa tayari ni kosa katika sheria nyingine, tena kwa kila mtu, lakini ni wanawake hawa peke yao walioonekana wanahitaji uongo wa kwao maalumu.

Kwa hiyo kwenye kamati, wakikuuliza juu ya wanaocheka, sema: "Niliona wakiingia na kutoka. Ya ndani sikuyaona." Basi. Mlango ulikuwa umefungwa, na wewe ndiye uliyeambiwa uufunge, hilo nalo liseme. Usiseme alimbaka fulani, hukuona. Usiseme binti ni mkweli au mwongo, hukuitwa kuwa hakimu wake. Sema saa kumi na moja. Sema tarehe. Sema wanafunzi wa kiume walipangiwa saa ngapi, maana nadhani hakuna hata mmoja aliyeandikwa jioni katika miaka 17, na kama ni hivyo, kamati ikae nalo. Yatakayoandikwa yasome kabla ya kusaini, na omba nakala. Wakikunyima nakala, andika mwenyewe usiku uleule ulichosema, weka tarehe.

Unaogopa, na hofu yako si ya kitoto. Mwaka 2018 mhadhiri wa Dar es Salaam, Dk. Vicensia Shule, aliandika mtandaoni kwamba rushwa ya ngono chuoni imekithiri, siku Rais Magufuli alipokuja kuzindua maktaba. Aliyeitwa kuhojiwa na chuo alikuwa yeye. Kama daktari wa falsafa anaitwa, katibu muhtasi ataitwa mara ngapi? Ipo Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, inakataza mtu kufukuzwa, kuhamishwa au kunyanyaswa kwa sababu ametoa taarifa kwa nia njema. Itaje kwenye barua yako kwa TAKUKURU, wajue unaijua. Lakini mimi na wewe ni watu wazima. Barua ya uhamisho haiandikwi "kwa sababu ulisema". Inaandikwa "kwa manufaa ya umma". Ndiyo maana nataka umwone wakili kabla ya siku yako, na TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu hawatakutoza kitu kama huna uwezo. Tengeneza faili lako sasa hivi: barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, za kupandishwa daraja, ile ya pongezi uliyopewa ukaitia kwenye fremu. Siku wakisema utendaji wako ulikuwa dhaifu tangu zamani, uwe na cha kuwaonyesha.

Ushauri wa dada yako wa kuumwa siku hiyo nimeupima pia, sikuudharau. Homa ya siku moja itakupa mafao yako salama, na pengine hakuna atakayekulaumu. Binti ataingia peke yake, aulizwe shahidi wako yuko wapi, aseme anaumwa. Soma tena sentensi yake: mama wa mapokezi aliniona. Hakuandika kwamba ulimsaidia. Hakuandika hata kwamba ulimsikitikia. Anachokuomba ni kidogo sana, ukubali kwamba una macho.

Limebaki jambo ambalo hukuniuliza, nami ndilo lililonikosesha usingizi wangu. Ndani ya madaftari yale mna majina. Mangapi, sabini? Mia? Wengine sasa ni wake za watu, mameneja wa benki, walimu, wengine wana mabinti wanaojiandaa kwenda vyuo. Wengine waume zao hawajui kitu na hawatakuja kujua. Siku hizi tunapenda sana kuwaambia wanawake vunjeni ukimya, na mimi nimeusema wimbo huo majukwaani mpaka sauti ikakauka. Lakini ukimya wa mtu ni mali yake. Aliyenyang'anywa mwili wake hawezi kunyang'anywa na habari yake tena, hata na sisi tunaojiita upande wake. Kwa hiyo ukiwaandikia TAKUKURU, sisitiza kwamba majina yale hayajatoa idhini, wafuatwe kwa siri na kwa hiari yao, na yasisomwe mbele ya kamati ya chuo ambako kesho yake yatakuwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Usimpigie simu hata mmoja. Usimwonyeshe mwandishi wa habari ukurasa wowote, na mimi nikiwamo. Kesi ya binti huyu ina tarehe zake tatu, na tarehe tatu zinatosha kuanzia.

Na yule wa 2011, wa mitumba. Najua unachotaka, nimekisoma katikati ya mistari. Unataka kwenda sokoni ukapige magoti, ulie, akusamehe, urudi ulale. Usiende kwa safari hiyo. Atakusamehe, tena papo hapo, mbele ya wateja, kwa sababu amelelewa kuwasamehe watu wazima, kisha atabaki na lake palepale alipokuwa, pamoja na lako. Jina lake kwenye kamati usilitaje. Wakikubana, sema mwanafunzi mmoja alikulalamikia mwaka 2011, ukamwambia anyamaze, na humtaji bila ruhusa yake. Sehemu ya "ukamwambia anyamaze" usiimeze.

Baada ya kamati, si kabla, nenda sokoni siku ya kazi asubuhi wakati wateja ni wachache. Mwambie uliyoyasema na kwa nani, ili asije akayasikia kwa watu. Akitaka kusema naye, atakuambia. Akikuuliza watoto hawajambo, jibu hawajambo, zungumzeni habari za watoto. Na ile blauzi ilipe, bei yake kamili.

Shangazi